TRENI YA MFANYAKAZI IPEWE SHERIA, FEDHA NA MWENYEWE

Wananchi wenzetu,

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, maelfu ya Wakenya husimama kando ya reli huko Ruiru, Githurai, Dandora, Embakasi, Syokimau na Kikuyu wakingoja treni iwafikishe mjini Nairobi. Miongoni mwao wamo mafundi, walinzi, mayaya, makarani, wachuuzi wa sokoni na wanafunzi. Treni ikija, wanapanda. Isipokuja, wanarudi barabarani kulipa nauli ya matatu iliyopanda ghafla kwa sababu mvua imenyesha, au wanakwenda kwa miguu. Hawana mwakilishi wao katika bodi inayopanga saa za treni na bei ya tikiti. Hawana njia rahisi ya kujua ni shilingi ngapi za kodi yao zilizotumika kwa safari yao. Wanachoruhusiwa ni kungoja.

Tunaandika kuuliza swali lililokwepwa kwa zaidi ya karne moja: treni ya abiria wa Nairobi na viunga vyake ni ya nani, inalipiwa na nani, na ni nani anayewajibika inaposhindwa? Tunashikilia kwamba ugonjwa wa treni hii haukuanzia kwenye injini wala kwenye mataruma. Ugonjwa wake umo katika sheria na katika mamlaka. Ni huduma inayovuka mipaka ya kaunti lakini inatawaliwa kutoka meza moja. Ni huduma ya umma, lakini haina fungu la fedha ambalo sheria imelitenga kwa ajili yake.

RELI ILIYOTANDIKWA KWA AJILI YA SHEHENA

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na ukingoni mwa ziwa, Kisumu, mwaka 1901. Mkoloni alikuwa na haja ya kuifikia Uganda, kusafirisha askari wake na kuteremsha mazao hadi bandarini. Nairobi ulizaliwa kama kambi ya reli hiyo. Hata hivyo, reli iliyouzaa mji haikukusudiwa kumhudumia mkaazi wa mji. Ilikuwa njia moja, yenye upana wa mita moja, ambapo treni mbili haziwezi kupishana ila stesheni. Sehemu kubwa ya treni za abiria wa Nairobi bado hupita katika njia ya namna hiyo, na ndiyo sababu haitoshi kununua mabehewa na kuyapaka rangi. Pasipo njia ya pili, au vipisho vya kutosha, treni ya asubuhi itaendelea kungoja nyingine ipite.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nchi yetu ilirithi kipande chake cha reli, na mwaka 1978 Shirika la Reli la Kenya likaundwa. Bendera ilikuwa yetu, lakini desturi ya utawala ikabaki ya kale. Kwa mujibu wa Sheria ya Mashirika ya Serikali, Sura ya 446, mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais. Katika siku za chama kimoja sote tuliona matunda ya mpango huo: mashirika ya umma yaligeuka malisho ya marafiki, na mwananchi akaambiwa apige makofi. Mabasi ya Nyayo yalianzishwa mwaka 1986 na yalipendwa na wananchi kwa nauli yake nafuu. Kufikia katikati ya miaka ya tisini huduma hiyo ilikuwa imeporomoka. Mabasi hayakufa kwa kukosa abiria. Yalikufa kwa sababu abiria, aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba huduma inaoza, hakuwa na chombo chochote cha kumwajibisha aliyekuwa akiiozesha.

Kisha ikaja zama ya kubinafsisha. Mwaka 2006 reli ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways. Mkataba wa mizigo ulikuwa wa miaka 25, ilhali ule wa abiria hapa Kenya ulikuwa wa miaka 5. Tafakarini tarakimu hizo mbili, ndugu zetu. Gunia lilipewa robo karne. Binadamu akapewa miaka mitano. Nani angenunua mabehewa mapya, au kujenga upya stesheni, kwa huduma asiyojua kama atakuwa nayo baada ya miaka mitano? Mwaka 2017 ubia huo ulivunjwa, reli ikarudi mikononi mwa Shirika, na treni ya abiria ikarudi hali iliyochakaa zaidi.

Lipo jambo jingine linalostahili kukumbukwa. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, reli iliyopita Kibera iling'olewa. Kitendo hicho tunakilaani, kwani kilimuumiza maskini kabla ya tajiri. Lakini kiongozi mwenye hekima angejiuliza kwa nini watu wanaoishi hatua chache kutoka relini waliiona kuwa mali ya adui. Mtu hang'oi mlango wa nyumba anayojua kuwa ni yake.

FEDHA ZIPO, ABIRIA HAZIMFIKII

Watawala hutuambia kwamba pesa hazipo. Tuangalie basi pesa ziliko.

Mwaka 2013 Bunge lilianzisha Ushuru wa Ustawishaji wa Reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini. Baadaye ulipandishwa hadi asilimia 2, ukashushwa tena hadi 1.5 mwaka 2023, na mwishoni mwa mwaka 2024 ukarudishwa kwenye 2. Ushuru huu haulipwi na mwenye meli. Hulipwa na mama anayenunua mafuta ya kupikia, na fundi anayenunua msumari uliotoka ng'ambo. Kwa maneno mengine, yule anayening'inia mlangoni mwa treni ndiye anayelipa ushuru wa reli. Ulipoanzishwa, madhumuni yake yaliandikwa kuwa ni ujenzi wa reli mpya ya SGR ili kurahisisha usafirishaji wa mizigo. Abiria wa Dandora hakutajwa.

Ndipo reli ya SGR ikajengwa kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa mikopo ya benki ya Exim ya China iliyotiwa saini mwaka 2014, ikafunguliwa mwaka 2017. Ushuru wa reli ukawa ngao ya deni hilo. Kesi juu ya namna mradi huo ulivyonunuliwa ilifika mbali. Juni 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Shirika la Reli lilikiuka Kifungu cha 227 cha Katiba, kinachotaka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaona vingine: ununuzi uliofungamana na mkopo wa serikali kwa serikali haukubanwa na sheria ya ununuzi iliyokuwapo. Sisi ni watu wa sheria na tunauheshimu uamuzi wa mahakama ya mwisho. Lakini kuheshimu uamuzi si kufumba macho mbele ya mlango uliobaki wazi. Ikiwa anayekopesha ndiye pia anayechagua mjenzi, na mkopo wenyewe unatiwa saini faraghani, mlipa kodi hubaki mgeni katika karamu anayoilipia. Ilimlazimu mwananchi kungoja hadi Novemba 2022 ndipo baadhi ya hati za mkopo huo ziwekwe hadharani.

Mwenye gari, kwa upande wake, hakusahauliwa. Mwaka 2022 alifunguliwa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kampuni iliyoijenga ina mkataba wa miaka mingi unaoipa haki ya kukusanya ada. Hatuna ugomvi na mwenye gari. Tunataja mkataba huo kuonyesha kwamba serikali, ikitaka, inajua sana kukihakikishia chombo cha usafiri mapato yake kwa maandishi.

Na treni ya mfanyakazi ilipata nini? Haki itendeke hata kwa wale tunaowakosoa. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, na ilikuwa hatua njema. Mwaka 2020 Shirika lilinunua treni 11 za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, na Novemba mwaka huo Rais akazindua huduma iliyofufuliwa. Hatusemi kwamba treni kuukuu ni haramu. Maskini hununua mtumba na kuuvaa kwa heshima. Tunasema kwamba mnunuzi wa mtumba mwenye akili huuliza mapema: vipuri vitatoka wapi, kwa bei gani, na vitalipiwa na fungu lipi mwaka wa tano na wa kumi? Uzinduzi hufanywa na mkasi na utepe. Matengenezo yanahitaji sheria ya fedha inayodumu baada ya mpiga picha kwenda zake.

KATIBA INASEMAJE?

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liligawa kazi. Reli ni ya Serikali ya Kitaifa. Usafiri wa umma wa barabarani, maegesho na barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Sasa mtazameni abiria mmoja. Anatoka nyumbani Ruiru kwa miguu au kwa bodaboda katika barabara ya Kaunti ya Kiambu, anapanda treni ya Serikali ya Kitaifa, anashuka katika Kaunti ya Nairobi, kisha anamalizia safari kwa matatu inayosimama mahali palipopangwa na serikali ya jiji. Jirani yake wa Syokimau anatoka Kaunti ya Machakos. Wa Ngong au Ongata Rongai, ambako reli ya SGR inapita, yuko Kajiado. Safari moja ina wakubwa watatu, na hakuna hata mmoja anayejibu kwa safari nzima. Stesheni ikikosa njia ya miguu, Shirika litasema barabara ni ya gavana. Gavana naye atasema stesheni ni ya Shirika.

Je, Katiba ilituacha mayatima? La. Kifungu cha 189(2) kinasema kwamba serikali za ngazi zote, na kaunti zenyewe kwa zenyewe, zishirikiane, na kwa ajili hiyo zaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Kifungu cha 187 kinaruhusu kazi kuhamishwa kutoka ngazi moja hadi nyingine kwa makubaliano. Kifungu cha 206 kinaliruhusu Bunge kutenga fedha katika hazina maalumu kwa kusudi maalumu. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushirikishaji wa wananchi katika fedha za umma, na cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Zana zote zimo sandukuni. Kinachokosekana ni fundi mwenye nia.

Watatujibu kwamba mamlaka ya pamoja tayari ipo. Naam, mwaka 2017 iliundwa Mamlaka ya Usafiri ya Eneo la Jiji la Nairobi, NaMATA, ya kuhudumia Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Lakini iliundwa kwa amri ya Rais chini ya Sheria ile ile ya Mashirika ya Serikali tuliyoitaja. Kilichoundwa kwa kalamu moja chaweza kufutwa kwa kalamu moja. Mamlaka isiyozaliwa na Bunge, isiyokuwa na ushuru wake, na isiyomiliki treni wala njia, ni sawa na hakimu asiye na mahakama.

WENGINE WALIVYOSHINDANA NA SWALI HILI

Hatuko peke yetu. Huko California, Marekani, iko treni ya Caltrain inayounganisha miji ya San Francisco na San Jose kupitia kaunti tatu. Tangu mwaka 1992 inaendeshwa na bodi ya pamoja ya kaunti hizo. Kwa miaka mingi haikuwa na kodi yake yenyewe. Kila mwaka ilitegemea nauli na michango ya kaunti, na kaunti moja ikilegea, zote zilitetereka. Mwaka 2020 janga la korona lilipowafukuza abiria, treni hiyo ilikaribia kusimama. Waliopendekeza kodi mpya ya mauzo, sehemu moja ya nane ya asilimia moja kwa miaka 30, walikumbana na upinzani ambao haukuwa juu ya pesa tu. Viongozi wa kaunti mbili walilalamika kwamba usimamizi wa kila siku umeshikwa na kaunti ya tatu, wakataka utawala urekebishwe kabla ya wananchi kuombwa pesa. Wakabishana hadharani, wakapatana, na Novemba 2020 wapiga kura wakaipitisha kodi hiyo kwa zaidi ya theluthi mbili. Agosti 2024 treni za umeme zikaanza kubeba abiria katika njia hiyo.

Hatuleti habari hii ili tuige Marekani kama kasuku; mshahara wa San Jose si mshahara wa Ruiru. Tunaileta kwa sababu ya mpangilio wa hoja zake. Fedha na utawala ni pacha. Ukimwomba mwananchi fedha bila kumpa sauti, unamtoza kodi kama mkoloni. Ukimpa sauti bila fedha, umempa kiti katika mkutano wa maneno matupu.

MAJIBU KWA WATAKAOTUPINGA

Watasema: treni ijilipie kwa nauli. Karibu kote duniani treni za abiria wa mijini hazijilipii kwa nauli pekee, kama vile barabara ya kijijini haijilipii na taa ya mtaani haijilipii. Faida yake iko kwa mwajiri anayempata mfanyakazi kwa wakati, kwa mwenye gari anayepunguziwa msongamano, na kwa mwenye ardhi ambaye ploti yake hupanda bei stesheni inapojengwa karibu. Hao wote wanafaidi. Ni haki wachangie.

Watasema: kaunti zimejaa ufisadi. Ufisadi upo, nasi tunaulaani kila siku. Lakini tangu lini ufisadi umekuwa wa kaunti peke yake? Dawa ya mwizi ni taa na mlinzi. Kuwanyima wenye nyumba ufunguo hakujamzuia mwizi yeyote.

Watasema: wenye matatu watagoma. Matatu zilipata uhuru wa kisheria mwaka 1973 kwa tamko la Mzee Kenyatta, na zimeubeba mji huu serikali iliposhindwa. Hatuzionei wivu. Treni moja haiwezi kufika kila mlango. Matatu zinazokusanya abiria na kuwafikisha stesheni zitapata riziki isiyopotea katika msongamano wa magari. Wenye matatu waitwe mezani mapema, kabla ya kuletewa amri.

TUNAYODAI

Kwanza, Bunge la Kitaifa na Seneti zipitishe Sheria ya reli ya abiria ya eneo la Nairobi, itakayounda mamlaka ya pamoja chini ya Kifungu cha 189(2). Serikali ya Kitaifa na kaunti ziwe na viti. Wafanyakazi wa reli wawe na kiti. Abiria wawe na viti visivyopungua viwili, vya watu waliochaguliwa na abiria wenyewe wala si kuteuliwa na Waziri.

Pili, sehemu maalumu ya Ushuru wa Ustawishaji wa Reli itengwe kwa sheria kwa ajili ya abiria: matengenezo kwanza, njia ya pili na vipisho baadaye, uzinduzi mwisho. Kaunti zichangie kutoka kwa viwango vya ardhi vinavyotozwa kandokando ya stesheni.

Tatu, Shirika la Reli litoe hesabu za treni za abiria wa mijini peke yake, mbali na za mizigo na za SGR, ili Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aweze kuzikagua na mwananchi aweze kuzisoma. Hesabu iliyochanganywa ni giza, na gizani ndiko mkono mrefu hufanya kazi.

Nne, ardhi ya reli iwe dhamana ya treni. Mpango wa Mji wa Reli wa Nairobi, uliowekewa jiwe la msingi Desemba 2022, unahusu ekari 425 katikati ya jiji. Ardhi hiyo ni ya umma. Kodi za pango zitakazotokana nayo zirudi relini kwa mujibu wa sheria, na kila mkataba wa ardhi hiyo uchapishwe kabla haujatiwa saini.

Tano, nauli na saa za treni zisibadilishwe pasipo notisi na mjadala wa wazi katika stesheni zinazohusika.

Wananchi wenzetu, mwaka 1991 tulipodai Kifungu cha 2A kifutwe, tuliambiwa kwamba hatujakomaa kuwa na vyama vingi. Kilifutwa Desemba mwaka huo, na nchi haikuzama. Leo tunapodai sauti katika mambo ya reli, tutaambiwa kwamba reli ni taaluma, tuwaachie wataalamu. Mtaalamu tunamhitaji atupimie daraja na atupangie ishara. Lakini swali la nani alipe, nani apande na nani awajibike si la kitaalamu. Ni swali la raia.

Mwandikie mbunge wako na seneta wako. Hudhuria kikao cha bajeti cha kaunti yako, uulize ni kiasi gani kimetengwa kwa njia ya miguu ya kufika stesheni. Iandikie afisi ya umma kwa kutaja Kifungu cha 35, na uweke nakala ya barua yako. Abiria wa behewa moja wafanye kamati, na kamati za mabehewa zifanye chama cha laini nzima. Haki haijapata kumfikia mtu aliyeketi akiingoja.